Huduma Namba: vidole kwanza, sheria baadaye

Ukitaja Huduma Namba siku hizi, ile namba moja ya utambulisho ambayo serikali ya Kenya ilitaka kila mtu awe nayo, watu wanacheka tu. Wanakumbuka foleni za kwa chifu, wanakumbuka mabilioni yaliyoenda, na ile kadi ambayo wengine walitumiwa meseji waende kuichukua na ikabaki droo. Mimi naona tumecheka mapema sana, manake kile kisa ndicho kesi ya faragha ambayo mtu akitaka kujua serikali inavyomtazama mwananchi wake aanzie hapo, na walioisimamisha hata si wale jamaa wa kompyuta wanaoogopa kufuatiliwa kwenye simu. Ni watu wa Kibra, Nairobi, Wanubi, ambao wamezoea kuulizwa "wewe ni nani hasa" tangu babu zao.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu ujanja wote uliwekwa hapo. Mwisho wa 2018 bunge lilipitisha zile sheria za marekebisho mbalimbali, zinazogusa sheria nyingi kwa mpigo mmoja. Kwa kawaida ni za kurekebisha vitu vidogo vidogo, kubadilisha jina la ofisi, kusahihisha tarakimu. Sasa katikati ya hiyo mseto ndimo walimoingiza kifungu cha 9A kwenye Sheria ya Usajili wa Watu, kikaanzisha mfumo unaoitwa NIIMS, yaani rejista moja ya kila mtu aliye nchini, Mkenya na mgeni aliyesajiliwa. Ikaanza kazi tarehe 18 Januari 2019. Wengi wetu tulikuja kujua tukisikia redioni kwamba kuna namba inakuja, ndiyo hiyo Huduma Namba.

Na si namba tu. Sheria iliorodhesha kitu gani serikali inaweza kuchukua kwako: alama za vidole, umbo la kiganja, umbo la ndewe ya sikio, mboni ya jicho, sauti, na DNA. Ndiyo, DNA. Tena mahali unapoishi pawekwe kwa GPS, si "kijiji fulani lokesheni fulani" kama kwenye kitambulisho, ni ile nukta kwenye ramani pale mlango wako ulipo. Mtu akikuambia kwamba hii yote ni ili upate huduma ya hospitali haraka, una haki ya kumuuliza sikio langu linahusiana vipi na foleni ya hospitali.

Lakini hata sikio na DNA tukiweka kando, mimi kilichonishtua zaidi ni maneno mengine ya kifungu hicho ambayo watu hawakuyaongelea sana. Yalisema hiyo rejista itakuwa chanzo kimoja cha taarifa za kila mtu, na itaunganisha na kukusanya taarifa zilizo kwenye rejista zingine za serikali. Zamani ushuru wako ulikuwa kwa watu wa ushuru, bima ya hospitali ilikuwa kwa bima, leseni ya gari huko kwingine, shamba kwenye ofisi ya ardhi na faili labda limepotea. Ilikuwa kero, hakuna anayekataa, kila ofisi unaandika jina upya kama hawajawahi kukuona. Ila hiyo kero ilikuwa inakulinda bila wewe kujua, kwa sababu hakuna karani mmoja aliyeweza kukaa akabofya mara moja akakuona wewe wote. NIIMS ni kama kuchukua funguo za ploti nzima ukazifunga kamba moja ukampa keateka, halafu mpangaji akiuliza keateka ni nani anaambiwa hiyo tutaandika baadaye.

Na hiyo "tutaandika baadaye" ndiyo kesi yenyewe. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kulinda data. Kulikuwa na Katiba ya 2010, kifungu cha 31, kinachosema una haki taarifa za familia yako na mambo yako ya binafsi zisitakwe wala zisifichuliwe pasipo sababu, basi. Hakukuwa na kamishna wa data, hakukuwa na mahali pa kwenda kulalamika data yako ikivuja, hakukuwa na kanuni za nani afungue hiyo rejista na nani asifungue.

Februari 2019 walioenda Mahakama Kuu walikuwa watatu: Nubian Rights Forum, Tume ya Haki za Binadamu ile isiyo ya serikali, KHRC, na ile ya kikatiba, KNCHR. Kesi zao zikaunganishwa, zikapewa majaji watatu, Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir.

Hapo kwa Wanubi ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu magazeti mengi yaliwataja kwa sentensi moja yakaendelea. Babu zao walikuja na jeshi la Mwingereza kutoka upande wa Sudan, wakapewa mahali pa kukaa Kibra zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na tangu hapo hawajawahi kuchukuliwa kama wenyeji kamili. Hati ya ardhi ya ekari 288 walikuja kukabidhiwa 2017. Kwa miaka mingi kijana wa kabila lingine akifika miaka 18 alikuwa anaenda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, anawekwa vidole wino, anangoja. Kijana wa Kinubi alikuwa anapelekwa mbele ya kamati akapigwe msasa, yaani ahojiwe kama kweli ni Mkenya. Anakuta wazee, anakuta maafisa wa usalama, anaulizwa karatasi za babu, babu ambaye alizaliwa kabla hata nchi haijawa nchi, anaulizwa anatoka kijiji gani upcountry na yeye amezaliwa Kibra mama yake Kibra nyanya yake Kibra. Hana hiyo karatasi, anarudishwa, anaenda kwa wakili kuapishiwa hati, anakuja tena. Bila ID hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hana akaunti ya benki, hapati kazi ya geti wala hapigi kura. Akikutana na polisi usiku ndiyo usiseme. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto ilishaiambia Kenya kwamba inawakosea watoto wa Kinubi kwa jambo hili hili la uraia.

Na si wao peke yao. Wasomali wa Kenya wanakumbuka 1989 walipoamriwa wapimwe wote upya na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi watembee nayo. Waarabu na watu wengine wa Pwani wanajua hiyo kamati, na Wapemba wa Kilifi walikaa miongo bila karatasi yoyote mpaka serikali ikawatambua 2023.

Sasa mtu wa namna hiyo akisikia kuna namba mpya ambayo bila hiyo hutapata huduma yoyote, na kupata namba lazima uwe na ID kwanza, yeye anaelewa papo hapo kitu ambacho mimi na wewe tunaelewa polepole. Ukiweka kila kitu nyuma ya mlango mmoja, yule ambaye mlango huo humfungukia kwa shida amefungiwa kila kitu. Ndiyo maana kwenye kesi hii kuangaliwa sana na kufungiwa nje vilienda pamoja, na mimi nadhani huo ndio uliokuwa ubora wa hoja zao, hawakuja kusema tu "faragha faragha" kama neno la semina.

Halafu kuna historia ambayo kila Mkenya anaijua ingawa hatuiunganishi. Hii nchi ilishawahi kusajiliwa kwa nguvu. Sheria ya kipande ilitungwa 1915, enzi za Mwingereza, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa, mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu akawa anatembea na karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kikebe cha chuma shingoni, na mzungu anayemwajiri anaandika humo. Ukitoroka kazi unafuatwa kwa hicho kipande. Harry Thuku alikusanya watu juu ya kipande na kodi, akakamatwa Machi 1922, umati ukaenda kituo cha polisi Nairobi kumdai na ukapigwa risasi. Kwa hiyo mtu akiniambia kupinga usajili wa serikali ni mambo ya kizungu yaliyoletwa na NGO namuuliza tu babu zetu walifadhiliwa na nani.

Turudi 2019. Tarehe 1 Aprili majaji walitoa amri ya muda: usajili uendelee lakini mtu asilazimishwe, pasiwe na dedilaini, mtu asinyimwe huduma kwa kukosa namba, DNA na GPS visikusanywe, na data isigawiwe mtu mwingine yeyote. Ilikuwa amri nzuri sana kwenye karatasi. Kesho yake, tarehe 2, Rais Uhuru Kenyatta akazindua usajili Machakos, na kuanzia hapo ukitembea mtaani hungejua kama kuna amri yoyote. Machifu na manaibu wao walikuwa kila kona, matangazo kila saa, viongozi wanasema usiposajiliwa utajiju. Dedilaini ambayo mahakama ilisema isiwepo ikawepo, 18 Mei, halafu ikaongezwa wiki moja mpaka 25 Mei, na unajua Mkenya na dedilaini, wiki ya mwisho foleni zilianza alfajiri. Uvumi ukaenea kwamba laini za simu zitazimwa. Ukiwa na biashara ya M-Pesa na unasikia hivyo utaenda kuuliza mahakama ilisema nini au utaenda kupanga foleni?

Mimi mwenyewe nilipanga. Chini ya mwembe kwa chifu, meza mbili za plastiki, jamaa wawili vijana na vile vifaa vya kubebwa kwenye begi, powerbank imechomekwa. Kwanza fomu ya karatasi. Majina yako, ya baba, ya mama, ya mke au mume, namba za vitambulisho vyao kama unazijua, elimu, kazi, na mpaka mambo ya kilimo na mifugo. Mzee aliyekuwa mbele yangu alipofika kwenye hiyo ya mifugo aliinua kichwa akauliza kama kuku wanahesabiwa au ni ng'ombe tu, watu wakacheka, kijana wa mashine naye hakujua akamwambia andika tu mzee. Halafu vidole. Yule mzee ni mkulima wa jembe maisha yake yote, vidole vimelainika havina mistari, mashine inakataa, anapanguswa na kitambaa, anaweka tena, inakataa, anapakwa mafuta kidogo, inakubali vinne kati ya kumi. Kijana akaandika kitu kwenye skrini akaendelea. Ningependa sana kujua aliandika nini, kwa sababu siku mashine ya hospitali itakapomwambia yule mzee kwamba yeye si yeye, kijana hatakuwepo. Kuhusu amri ya mahakama, kwamba hii ni hiari, hakuna aliyetuambia chini ya ule mwembe, na kusema kweli hakuna aliyeuliza.

Kulikuwa pia na wale waliokataa kwa sababu ya 666, namba ya mnyama wa Ufunuo. Mitandaoni walichekwa vibaya. Mimi siwacheki sana. Sababu yao si yangu lakini walikuwa karibu watu pekee mtaani waliosema hapana kwa sauti, wasomi wengi walisema hapana Twitter halafu wakapanga foleni.

Mwisho wa zoezi serikali ikasema imesajili zaidi ya watu milioni 36. Kwa nchi ambayo sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu milioni 47 na nusu, hiyo ni karibu kila mtu unayemjua. Na wote walishachukuliwa kabla majaji hawajasikiliza kesi kamili.

Kesi iliposikilizwa serikali ilikuja na hoja ambazo si za kipuuzi, tuseme haki. Wafanyakazi hewa, vyeti feki, huduma kuchelewa, na usalama, hasa usalama, manake shambulizi la kigaidi kwenye hoteli ya DusitD2, Nairobi, lilikuwa Januari ile ile na watu 21 waliuawa. Kuhusu DNA na GPS mawakili wake wakasema kwa sasa hizo hazikusanywi. Sasa hapo ndipo utaona tofauti ya mwanasheria na mwananchi, mwananchi anasikia "hatukusanyi" anatulia, mwanasheria anauliza kama hukusanyi mbona umeiandika kwenye sheria.

Upande wa pili wakaleta mfano wa India. India ina Aadhaar, mfumo wa vidole na mboni ulioandikisha zaidi ya watu bilioni moja. Mwaka 2017 majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya India walikubaliana kwamba faragha ni haki ya msingi, na Septemba 2018 mahakama hiyo hiyo ikaacha Aadhaar iendelee lakini ikakata vipande, kwa mfano makampuni binafsi yasiitumie. Na Aprili 2019, wakati sisi tuko kwenye foleni, mahakama ya Jamaica ikafuta sheria yote ya kitambulisho cha taifa iliyolazimisha watu watoe vidole. Kwa hiyo majaji wetu walikuwa na njia mbili mbele yao, kukata vipande kama India au kufuta yote kama Jamaica.

Tarehe 30 Januari 2020 wakafuata India. DNA wakasema haiendani na Katiba, ni kuingilia mwili wa mtu kupita kiasi na hakuna sababu ya kutosha. GPS nayo vivyo hivyo, kwa sababu inaweza kutumika kumfuatilia mtu. Walikubali kwamba data za watoto hazina ulinzi wa kutosha, na walikubali kwamba kuna watu wanaweza kuachwa nje kwa kukosa karatasi. Halafu wakasema serikali inaweza kuendelea na NIIMS, ila sharti kwanza iweke utaratibu wa kisheria ulio kamili.

Hapo kwenye GPS watu wengine waliona ni jambo dogo. Si dogo. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilishataka kuunganisha mtambo wake kwenye mitandao ya makampuni ya simu, ikasema ni wa kukamata simu feki, mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani, Mahakama Kuu ikaukataa 2018 na Mahakama ya Rufaa ikaja kuuruhusu 2020. Baada ya maandamano ya Juni 2024, vijana walipoanza kuchukuliwa majumbani na barabarani na watu wasiovaa sare, swali la kwanza lililoulizwa kila mahali lilikuwa walijuaje alipo. Sasa fikiria hiyo serikali ingekuwa na nukta ya mlango wa kila mtu kisheria kabisa, haihitaji hata kuomba kampuni ya simu.

Lakini sehemu ya pili ya hukumu, hilo la endeleeni mkiweka utaratibu, ndilo lililonitatiza na bado linanitatiza. Mahakama imeona kwamba sheria ya kulinda hii data haitoshi, imesema hivyo wazi, na data tayari iko ndani ya seva. Ukiona nyumba haina mlango na vyombo viko ndani, unasema vyombo vitoke kwanza. Wao walisema vyombo vikae, mlango utafutwe. Serikali ilijua tangu mwanzo kwamba ikishachukua vidole vya watu milioni 36 hakuna jaji atakayekuwa na moyo wa kusema rudisheni, mabilioni yameshatumika. Wanasheria wana heshima zao wataniambia mahakama ilipima pande zote. Sawa. Mimi naona iliwafundisha watu wa serikali kwamba wakikimbia haraka kuliko kesi wanashinda nusu.

Kuna wanaosema ni kelele bure, "mimi sina cha kuficha, wachukue". Hili nimelisikia kwa watu wazima wenye akili zao. Kwanza, hapa kwetu jina la ukoo na mahali unapolala vimewahi kuua watu. Kwenye vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008 zaidi ya watu elfu moja walikufa, na wengi hawakuwa na cha kuficha, walikuwa na jina tu na walikuwa wanaishi mahali fulani. Pili, hata ile serikali yenye nia njema inaweza kukuumiza kwa orodha. Mwaka 2015 Rais aliagiza maafisa wa utawala wakusanye orodha ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya HIV, na walezi wao. Nia labda ilikuwa dawa ziwafikie, sijui, lakini orodha ya namna hiyo ikipita kwa chifu na kwa mwalimu mkuu unajua mtoto atarudije darasani. Shirika la KELIN likaenda mahakamani na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema hapana, mmevunja faragha yao. Wale watoto hawakuwa na kosa lolote la kuficha.

Tuendelee, manake kisa hakikuishia 2020. Sheria ya Kulinda Data ilishasainiwa Novemba 2019, kesi ikiwa inasubiri hukumu, na mimi sidhani ni bahati tu, kesi iliisukuma. Oktoba 2020 zikatoka kanuni za NIIMS, Novemba kamishna wa kwanza wa data, Immaculate Kassait, akaapishwa. Na mwezi huo huo, tarehe 18, Waziri Fred Matiang'i akatangaza kadi zinaanza kutolewa. Yaani ofisi ya kulinda data bado inatafuta viti, kadi tayari zinachapwa.

Hapo ndipo shirika la Katiba Institute na Profesa Yash Pal Ghai, mtaalamu wa katiba, wakaingia na hoja moja nyembamba, ambayo mimi naiona ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote. Hawakurudia DNA wala nini. Walifungua Sheria ya Kulinda Data kifungu cha 31, kinachosema kama unataka kushughulikia data kwa namna inayoweza kuhatarisha haki za watu, fanya kwanza tathmini ya hatari, andika ni data gani, ni ya nini, itaharibu nini na utazuiaje. Wakauliza serikali, tathmini yenu iko wapi? Haikuwepo. Serikali ikajitetea kwamba data ilichukuliwa kabla sheria haijakuwepo kwa hiyo haiihusu. Jaji Jairus Ngaah, tarehe 14 Oktoba 2021, akakataa hiyo: haki ya faragha iko kwenye Katiba tangu 2010, huwezi kusema hukuwa na wajibu kwa sababu tu hukuwa umetunga sheria. Uamuzi wa kutoa kadi ukafutwa, serikali ikaamriwa ifanye tathmini kwanza kabla ya kugusa data wala kutoa kadi.

Ukiniuliza ni nani aliiua Huduma Namba nitakuambia ni hiyo karatasi moja ambayo hawakuijaza. Maandamano hayakuwepo, na foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani. Gharama yote ilitajwa kupita shilingi bilioni 10.

Pembeni kidogo kuna kampuni ya Ufaransa, IDEMIA, iliyouza vile vifaa vya kuchukulia vidole. Bunge lilipiga kura Aprili 2019 kutaka ifungiwe miaka 10 kwa mambo ya uchaguzi wa 2017, usajili ukaendelea na mashine zake hivyo hivyo. Baadaye, 2022, KHRC na Nubian Rights Forum pamoja na shirika la Ulaya wakaishtaki huko Paris, kwa sheria ya Ufaransa inayotaka makampuni makubwa yaangalie biashara zao zinaumiza nani nje ya nchi. Waliimaliza kwa makubaliano mwaka uliofuata. Naitaja kwa sababu inaonyesha hao watu wa Kibra wamefika mbali kiasi gani kutafuta mtu wa kumuuliza.

Baada ya uchaguzi wa 2022 serikali mpya ikaiacha Huduma Namba, na 2023 ikaja na Maisha Namba. Wakasema hii ni tofauti, hakuna foleni, hakuna kuchukua vidole upya kwa nchi nzima. Mtoto anapata namba akizaliwa, anaenda nayo shule, inakuwa ya ID akifika 18, inaenda naye mpaka cheti cha kifo. Desemba 2023 Mahakama Kuu ikasimamisha, Katiba Institute tena, wanauliza swali lile lile la tathmini. Februari 2024 zuio likaondolewa, kadi zikaendelea. Ukiangalia kwa makini utaona rejista kuu iliyounganisha kila kitu, ile iliyokuwa moyo wa 9A, imerudi na jina lingine, na safari hii hakuna mwembe wala meza za plastiki ambapo watu wangekusanyika wakaulizana.

Kuhusu kupigwa msasa, Februari 2025 Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba wakaazi wa kaskazini hawatapitia tena ile kamati ya ziada kupata vitambulisho. Watu walishangilia na wana haki ya kushangilia. Ni tamko la rais lakini, na tamko la rais linaweza kufutwa na tamko la rais mwingine.

Na vile vidole vyetu vya 2019, vya milioni 36, vya mzee wa mifugo na vya watoto wa miaka sita waliopelekwa na mama zao? Hukumu ya 2020 haikuagiza vifutwe. Ya 2021 nayo haikuagiza vifutwe, iliagiza tathmini ifanywe kwanza. Sheria ya Kulinda Data, kifungu cha 26, inakupa haki ya kuuliza data yako inatumikaje na kuonyeshwa iliyo mikononi mwao. Unaandika barua au imeili kwa ofisi inayoishikilia, na wakikaa kimya unapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Kati ya wote niliopanga nao foleni simjui hata mmoja aliyewahi kuiandika.